Sauti Yangu Nyuma ya Kionjo

Jumatatu asubuhi Latifa alikaanga ndagala zilezile, dagaa wa ziwa letu, mara mbili. Alikuwa amekwisha kuzitoa, amezikamulia ndimu na kuzifunika, kisha akazirudisha kwenye mafuta kana kwamba ndiyo kwanza zimetoka sokoni. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu na mlango wa jiko, nachagua mchele, nikamtazama. Simu yake ilikuwa juu ya ndoo. Kila alipogeuza mwiko aliinama kuichungulia, na kila alipoinuka uso wake ulikuwa umepungua kidogo.

Nilimuuliza kama simu imeharibika. Akasema hapana, Bibi, iko nzima. Nikamuuliza kama ndagala ndizo zilizoharibika. Hapo ndipo alipoona anachofanya, akaepua karai, akakaa kwenye kizingiti na kujifunika uso kwa kanga.

Latifa ni mtoto wa mwanangu Amisi. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka minne, na tangu hapo amelala chumbani kwangu. Sasa ana miaka ishirini na mitatu. Anashona nguo chini ya dirisha letu hapa Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, na ukipita barabarani unaisikia cherehani yake kabla hujaiona nyumba.

Na aliyekuwa akimngoja kwenye simu ile ni Lameki, kijana anayetengeneza simu kwenye kibanda cha mabati upande wa chini wa soko, kabla hujafika wanakoanika ndagala. Mama yake, Beatrisi, anakaa Kizuka. Walirudi kutoka Tanzania Lameki akiwa bado mwanafunzi, ndiyo maana Kiswahili chake kimenyooka kama cha redioni. Mimi nilimjua kwa sababu ya redio yangu. Aliitengeneza mara nne. Redio yenyewe haikuwa na ugonjwa ila betri, lakini kila alipoirudisha alisema afadhali aitazame tena wiki ijayo, na alipokuwa akisema hayo macho yake yalikuwa kwenye cherehani. Nayo cherehani ilikuwa imesimama. Sindano iko juu, mguu wa Latifa uko kwenye kanyagio, na hakuna kinachoshonwa.

Kilichowakutanisha ni mchezo wa simu. Una jina la kigeni ambalo ulimi wangu haujalizoea, lakini watu wa ziwa lote, kuanzia Uvira mpaka Kigoma, wanauita Vibwengo. Latifa alinionyesha unavyochezwa. Ndani ya simu kuna nchi yenye misitu na mito, na humo wamejaa viumbe vidogo vya ajabu, mwingine ana pembe, mwingine ana mabawa ya popo na macho ya mtoto mchanga. Kazi yako ni kuwakusanya. Unawasha taa, unakaa kimya, na kibwengo akikupenda anaingia taani mwenyewe. Halazimishwi. Wavuvi wetu wa ndagala nao huwasha taa ziwani, isipokuwa wao wanaficha wavu chini.

Lameki ndiye aliyeanzisha grupu ya WhatsApp ya wapenzi wa mchezo huo. Wako zaidi ya mia tatu na wanajiita Wana-Taa. Mwezi huu wenye mchezo walitangaza kwamba toleo jipya linakuja, na kabla halijatoka watakuwa wanaonyesha vionjo, yaani vipande vya dakika mbili tatu vya kuwatamanisha watu, kila Jumapili na kila Jumatano saa kumi. Kionjo kikitoka Lameki huwa wa kwanza kusema, maana anaelewa Kifaransa na Kiingereza, anawaeleza wenzake kwa sauti, halafu kila mmoja anatoa lake. Wengine wanashangilia, wengine wanawatukana waliotengeneza, wengine wanalia kabisa. Nimewasikia.

Asubuhi ile ya Jumatatu Latifa alichukua simu yake, akaja kukaa ubavuni mwangu juu ya mkeka.

"Bibi, sikia," akasema. "Hii nilituma jana."

Akabonyeza. Kwanza ilikuja sauti yake, changamfu, inaenda mbio. Kionjo cha Jumapili kilikuwa kimeonyesha jambo jipya, kwamba kibwengo asiyetunzwa ataweza kutoka taani na kwenda zake, na grupu nzima ilikuwa imewaka moto. Mmoja wa Uvira alisema kibwengo wake amemlea miaka mitatu, akimkimbia atauza simu. Latifa alikuwa upande wa pili. "Mimi naona wamefanya vizuri," sauti yake ikasema. "Kama hamutunzi, muache aende. Hakuna kumulilia."

Na nyuma ya sauti hiyo, wazi kabisa, kilisikika kijiko kikigonga kikombe. Kisha sauti ya mwanamke mzee, tulivu, yenye adabu zote.

"Nyumba iko wazi. Mutoto wetu hana mutu. Hatujaona mutu hapa."

Na sauti nyingine ikashukuru Mungu.

Mzee huyo nilikuwa mimi.

Jumapili saa kumi sebule yetu ilikuwa na wageni kutoka Nyanza-Lac. Bi Zuwena na wazee wawili walikuja kumposa Latifa kwa ajili ya kijana wao Karimu, mfanyabiashara wa mawese, mtu wa swala tano, ambaye hata ukimtafutia kasoro utachoka. Latifa hakuwa ameambiwa wanachokuja kusema. Alikaa chumbani, nyuma ya pazia, hatua tano kutoka kwenye kiti changu, na simu yake mdomoni. Mimi sikujua kama anarekodi. Yeye hakujua kama ninamwongelea.

"Alisikiliza saa kumi na dakika ishirini," Latifa akasema. "Simu ikaonyesha Lameki anaandika. Ikaacha. Ikaonyesha tena anaandika, ikaacha. Toka hapo, kimya. Nimemutumia ujumbe saba, hafungui hata mumoja."

Lazima nieleze jambo moja la nyumba yetu. Bibi yangu alilivusha kutoka ng'ambo ya ziwa, na mimi nimelishika. Mgeni anayekuja mara ya kwanza kutaka mtoto haambiwi hapana ndani ya nyumba yako, hata kama moyo umekwisha kukataa. Unamwambia nyumba iko wazi, mtoto hana mtu. Ni maneno ya kumkaribisha tu, kama kumpa kiti. Jibu lenyewe linakwenda na sahani. Wao wanakuja na sahani ya kitu na kuiacha kwako, na kabla wiki haijageuka mwanamke mkubwa wa nyumba anairudisha. Ikirudi imejaa, mmekubali. Ikirudi tupu imeoshwa, mmekataa, na hakuna aliyeaibishwa kwa mdomo.

Latifa anajua hayo tangu utotoni. Lameki atayajulia wapi? Kwao mzee akisema mtoto hana mtu, basi hana mtu.

Nilimwachia dakika afute macho. Kisha nikamuuliza kile ambacho ningepaswa kumuuliza kabla wale wageni hawajavua viatu.

"Unamupenda huyu kijana?"

Latifa aliangalia mchele kwenye ungo wangu, akatoa jiwe moja dogo ambalo mimi sikuliona, akalitupa.

"Bibi, kwa siku tunaongea habari ya vibwengo mara ishirini," akasema. "Unazani ni vibwengo?"

Jumanne alikwenda sokoni kununua zipu na akapitia njia ndefu. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Dusabe, mama anayeuza maparachichi pale kando, alimwambia kwamba Lameki alikuja Jumatatu mapema, akaweka bisibisi na pasi yake ya kuchomea kwenye mfuko, akaenda kwa mama yake Kizuka. Alhamisi atapanda Bujumbura, kuna ndugu yake mwenye atelie, yaani karakana, huko. Dusabe alimuuliza atarudi lini. Alijibu kwamba hajui kama iko sababu ya kurudi.

Latifa alirudi nyumbani bila zipu. Mchana ule alishona mkono wa gauni la mteja kinyumenyume, akaufumua, akaushona kinyumenyume tena. Alipiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Kwenye grupu watu walikuwa wanaulizana admin iko wapi, iko mgonjwa, kesho kionjo cha pili na hakuna wa kutueleza. Kila swali lilipoingia Latifa alishtuka, akaona si yeye, akaiweka simu chini kifudifudi.

Magharibi, kwenye chakula, Amisi alisema sahani ya Bi Zuwena irudishwe upesi. Iwekwe mchele mzuri na kitenge juu. Alisema akimega ugali, kama mtu anayekumbusha kufunga banda la kuku. Nikamwambia kwanza tumsikie mtoto. Amisi alimtazama Latifa, akanitazama mimi, akaelewa.

"Yule wa simu," akasema. "Mukristo. Hana hata muchikichi mumoja. Mutu muzima na ndevu, anashinda akikamata mashetani."

"Vibwengo, Baba," Latifa akasema chini chini.

"Sioni tofauti."

Hakupaza sauti. Amisi si mtu wa kelele, na hilo ndilo lilinitia hofu. Alieleza kwamba alimzika mke wake kijana, anachotaka ni kumwona mtoto kwenye nyumba imara, kwa watu wanaoswali kama sisi, na Nyanza-Lac si mbali, ataweza kwenda kumsalimu na kurudi siku hiyohiyo. Ningempinga kwa neno gani? Yote yalikuwa ya kweli. Latifa hakula. Aliosha mikono, akaomba ruhusa, akaingia ndani.

Nilibaki nikiitazama ile sahani juu ya kabati. Ilikuwa ya udongo mweupe yenye maua ya bluu pembeni, nzuri, ya ukoo. Kwa haki ilikuwa mikononi mwangu, si mwa Amisi. Lakini maishani mwangu nimerudisha sahani tano, zote nimezirudisha zimejaa. Ya binti yangu Aliya, dada yake Amisi, niliijaza bila kumuuliza. Mume alikuwa mzuri, kila mtu alisema. Aliya yuko Uvira mpaka leo. Kila Idi anatuma salamu kwa wote na kwa majina, na jina langu analitaja mwisho.

Jumatano nilimwambia Latifa nataka kukiona kionjo.

Tulikaa chumbani, pazia limefungwa ili mwanga usiharibu kioo. Saa kumi kamili mtu wa Kigoma akakituma kwenye grupu. Kilionyesha ziwa, maji meusi, na kibwengo mpya mdogo sana mwenye mkia kama wa mukeke, samaki wetu wa ziwani. Alikuwa amejificha chini ya mtumbwi. Wakaja wavuvi watatu, kila mmoja na taa kubwa kuliko ya mwenzake, mpaka maji yakawa kama mchana. Kibwengo hakutoka. Walipoondoka akaja mwanamke mmoja na taa ndogo yenye moshi, akakaa, akayageuzia maji mgongo. Akangoja sana. Mwishowe mkia ule ukatokea taratibu kando ya taa, na kionjo kikakatika hapohapo.

Grupu ikalipuka. Huyu anasema ni kizuri kuliko vyote, yule anasema nani ana muda wa kungoja kibwengo mmoja namna hiyo, mwingine anatuma sauti ya kulia na huwezi kujua analia kweli au anacheka. Latifa hakuandika kitu. Alikuwa anatafuta jina moja katikati ya majina yote hayo, na halikuwamo.

"Yeye anasoma grupu?" nikamuuliza.

"Wangu ujumbe hafungui. Lakini kionjo, Bibi, hata akiwa na malaria atakiona. Iko anasoma, anakaa kimya tu."

"Basi nipe niseme."

Alinitazama kama niliyeomba kupanda juu ya mnazi. Alinikumbusha kwamba ni watu mia tatu. Nikamwambia mia tatu haohao ndio walionisikia Jumapili. Akaniwekea kidole pa kubonyeza na kunionya nisiachie. Kidole changu ni kikavu, kiliteleza, na ikaenda sauti ya sekunde mbili ambayo ndani yake mna kikohozi changu peke yake. Papo hapo mtu akauliza ni kibwengo gani huyo anayekohoa. Latifa alicheka, mara ya kwanza toka Jumapili, kisha akakumbuka na kicheko kikazimika. Akakishika kidole changu kwa mkono wake. Mkono ulikuwa wa baridi.

"Amahoro, amani kwenu, bana bangu," nikasema. "Mimi ni bibi yake Latifa, wa Rumonge. Ni mimi nilikohoa. Kionjo nimekiona. Munaosema kile kibwengo kinachelewa, mimi nakitetea. Wale watatu walikuja na mataa makubwa, na hakuna hata mumoja aliyekiuliza kama kinataka. Na mimi nilifanya vile. Jumapili mulisikia sauti yangu nyuma ya Latifa, nasema hana mutu. Kwetu mugeni wa kwanza haambiwi hapana ndani ya nyumba, jibu linakwenda na sahani. Mutoto hakujua niko nasema nini, na mimi sikujua iko anarekodi. Ile sahani nimeiosha. Inarudi kwa wenyewe tupu. Mwenye habari hii inamuhusu, iko hapo ndani ya grupu. Murakoze, asanteni."

Latifa aliachia kidole changu. Sauti ikaenda.

Alinionyesha namna ya kuona nani amesikiliza. Majina yakaanza kupanda, moja, manne, kumi na mawili. Vicheko vikaja, mioyo ikaja, mtu wa Uvira aliyetaka kuuza simu akaandika kwamba Bibi apewe uadmin. Sisi hatukusoma. Tulikuwa tunahesabu majina kama wanaosubiri gari la mgonjwa. Ishirini na tisa. Arobaini. Saa kumi na moja na dakika kumi jina la Lameki likapanda.

Latifa aliisogeza simu karibu na macho.

Hakikuja kitu. Hakuna anaandika, hakuna moyo, hakuna neno. Tulikaa mpaka adhana ya magharibi ikatuinua.

Amisi alirudi kutoka msikitini akiwa amekwisha kuisikia, kutoka kwenye simu ya mtu mwingine, nje ya msikiti, mbele ya wazee. Hakuvua kofia. Alisimama mlangoni.

"Mama, umenivua nguo mbele ya watu mia tatu."

"Sikutaja jina la nyumba yako wala la wageni wako."

"Sahani bado iko kwenye kabati. Umekataa kwa mudomo kabla sahani haijafika. Wewe, mwenye kutufundisha."

Hapo hakuwa amekosea, na sikujitetea. Nilivunja jambo nililolishika miaka sitini. Nikamwambia tu kwamba kama ningeingoja sahani ifike, mwingine angekuwa amekwisha kuondoka. Na nikamwambia, "Ya Aliya niliijaza bila kumuuliza. Usinifanye nirudie." Amisi aliposikia jina la dada yake alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu.

Alhamisi asubuhi Karimu mwenyewe alikuja. Alikuwa ameleta mawese sokoni, akapita kwetu na shati lake safi, madoa mekundu kwenye kucha tu. Nilimwona barabarani, nikainuka kwenda kabatini. Nilimpa sahani imefungwa kwenye kitambaa. Aliipokea kwa mikono miwili, na nikaona mikono hiyo inavyopanda kidogo juu, kama ya mtu aliyejiandaa kubeba uzito na asiukute.

"Ungengoja ifike kwanza, Bibi," akasema. "Hata Nyanza-Lac iko watu wa hiyo grupu."

Nikamwomba msamaha. Sikuweka sababu ndani yake, nilimwomba tu. Karimu alitazama cherehani iliyokuwa imefunikwa, na pazia ambalo lilikuwa halitikisiki hata kidogo.

"Mwambie Latifa simulaumu," akasema. "Na mimi sikumuuliza yeye. Nilimuuliza baba yake."

Alikwenda zake na sahani kwapani. Nilimsindikiza kwa macho mpaka kona, na nakiri kwamba nilijiuliza kama sijamnyima mjukuu wangu nyumba nzuri kwa ajili ya kijana aliyeshindwa hata kutuma neno moja. Maana siku ile nzima ilipita hivyohivyo. Kila basi dogo la kwenda Bujumbura lilipopiga honi barabarani, Latifa aliinua kichwa, na cherehani ikasimama. Saa nne, saa sita, saa tisa. Lile la mwisho lilipopita hakuinua kichwa tena. Alikata uzi kwa meno, akaniambia ameondoka, Bibi.

Ijumaa, baada ya swala, tulikuwa tumetandika chakula niliposikia hodi ya mwanamke. Alikuwa Beatrisi wa Kizuka, amevaa kitenge chake cha kanisani, na nyuma yake Lameki. Kijana alikuwa amekonda kwa siku tano. Alibeba sahani ya plastiki ya kijani, iliyotandikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na juu yake kulikuwa na karanga za kukaanga na ndizi mbivu. Aliibeba kama mtu anayevuka mto na moto mikononi.

Latifa alitokea mlangoni mwa chumba kwa kusikia sauti. Macho yao yalikutana mara moja tu, upesi, kama unavyogusa sufuria kwa ncha ya kidole kujua kama iko moto. Yeye akaangalia chini. Lameki hakuweza. Karanga tatu zilianguka kutoka kwenye sahani na hakuna aliyeziokota.

Beatrisi ndiye aliyesema kwanza. Aliomba radhi kwa ule ukimya. Kijana alipoisikia sauti yangu alikuwa Kizuka, mfuko umefungwa, akataka kujibu palepale, naye mama akamnyang'anya simu. "Nilimwambia habari ya mutoto wa watu haijibiwi kwa kidole," akasema. "Inajibiwa kwa miguu. Nikaulizia majirani mambo ya hiyo sahani, tusije tukakosea."

Amisi aliwakaribisha kwa adabu. Tulikunywa chai. Hakuna aliyetaja dini, lakini ilikaa katikati yetu kama mtu wa sita ambaye hajamiminiwa kikombe. Mwisho Amisi aligeuka, akamtazama kijana kwa mara ya kwanza.

"Hiyo michezo ya simu, utaiacha?"

Nilisikia nguo ya Latifa ikisugua mlango. Jibu jepesi lilikuwa pale, na lingempendeza mzee.

"Hapana, Baba, sitaiacha," Lameki akasema. "Ninachoacha ni kukaa kimya. Nilimkosea Latifa siku tano, ningemuuliza siku ya kwanza." Alisema Baba, lakini alikuwa anaongea na ule mlango.

Amisi akanywa chai yake mpaka chini. Kisha wote wakanitazama mimi, maana zamu ilikuwa yangu. Na mimi nilikuwa nimekwisha kuvunja desturi yangu mara moja wiki hiyo, sikuwa tayari kuivunja mara ya pili. Nilikaa wima.

"Nyumba iko wazi," nikasema. "Mutoto wetu hana mutu. Hatujaona mutu hapa."

Uso ulimpauka Lameki. Safari hii aliyajua maneno hayo yana maana gani, kwamba hayana maana yoyote mpaka sahani irudi. Akaweka kikombe chini.

"Itarudi lini, Bibi?" akauliza.

"Kabla ya Ijumaa nyingine."

Basi kibanda kimefunguliwa tena kule chini ya soko, na Jumapili kionjo cha tatu kilipotoka sauti ya Lameki ilikuwa ya kwanza, ikieleza neno kwa neno, isipokuwa katikati alisahau jina la kibwengo ambaye kila mtu anamjua, na Wana-Taa wakamcheka mpaka jioni. Wanauliza kila siku Bibi anasemaje. Bibi hasemi kitu. Sahani ya kijani iko juu ya kabati, na Latifa kila asubuhi anapita kuichungulia, anaikuta tupu, anakwenda kukaa kwenye cherehani. Ninaweza kuijaza, haki ni yangu. Lakini sitaki apelekwe kwa sahani ambayo baba yake ameigeuzia mgongo, na Amisi toka Ijumaa hajataja jina la yule kijana hata mara moja.

Leo Jumatano amerudi mapema kutoka sokoni. Alikuwa na mfuko wa mchele, ule mzuri, mweupe, ambao hatukuwa tumemtuma. Aliuweka chini, karibu kabisa na kabati, akainyoosha mikunjo ya mfuko kwa kiganja, akachukua kofia yake na kwenda kuswali. Hakusema wa nini.

Latifa alisimamisha cherehani. Tulitazamana, mimi na yeye, na hakuna aliyethubutu kuugusa.